Rejeo ni Deni: Somo la Uandishi kwa Mtafiti Anayeanza



Ndugu zangu wasomaji, somo la toleo hili ni uandishi wa kitaaluma. Wengi wetu tumefika mahali ambapo pendekezo la utafiti linadaiwa, na baada yake tasnifu, na Mwenyezi Mungu akijaalia, makala ya jarida. Sitaanza na kanuni. Nitaanza na kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kanuni.

Muhula uliopita nilipeleka kwa msimamizi wangu sura ya kwanza ya pendekezo. Utafiti wangu unahusu tafsiri za Qur'ani Tukufu kwa Kiswahili. Katika ukurasa wa pili niliandika kwamba tafsiri kamili ya kwanza ya Qur'ani kwa Kiswahili ni ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka mwaka 1969. Chini nikaweka tanbihi nzuri: mwandishi, kitabu, mwaka, ukurasa. Sura ilirudi baada ya siku nne. Pembeni mwa sentensi ile palikuwa na maneno mawili ya kalamu nyekundu: "Umeona wapi?"

Nikamfuata ofisini.

"Ustadhi, rejeo lipo pale chini."

"Nimeliona. Nakuuliza wewe, umeona wapi?"

Nikanyamaza. Kitabu kile sikuwahi kukishika. Nilikikuta kimetajwa ndani ya makala ya mtu mwingine, nikahamisha tanbihi yake kama ilivyo.

"Sijakiona, Ustadhi. Nimekikuta kwenye makala."

"Basi, binti yangu, kwa nini umekitolea ushahidi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi maktaba, na jioni ile ile nikajua kuwa sentensi yangu si kweli. Tafsiri kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili ilikuwepo tangu mwaka 1923, kazi ya Godfrey Dale, padri wa misheni aliyefanya kazi Zanzibar. Mwaka 1953 ikatoka Nairobi tafsiri ya Sheikh Mubarak Ahmad wa jumuiya ya Ahmadiyya. Ya Sheikh al-Farsy ikafuata mwaka 1969. Baada ya wiki mbili nilikipata na kile kitabu nilichodai kukisoma. Mwandishi wake hakusema niliyosema mimi. Alisema tafsiri kamili ya kwanza ya mwanachuoni wa Kisunni. Aliyeandika makala aliyaacha maneno hayo ya mwisho, nami nikayabeba mapungufu yake na kuyatilia saini yangu.

Sura ile niliiandika upya yote, maana kila tanbihi sasa ilikuwa na shaka. Nilikaribia kukosa tarehe ya mwisho ya kuwasilisha, na kuikosa kungenipeleka muhula mwingine mzima. Ada yangu inatoka kwenye duka dogo la mama yangu Buyenzi, Bujumbura. Muhula mmoja wa ziada si jambo la kusema tu.

Basi haya ndiyo niliyojifunza. Nimeyapanga kwa masomo sita.

Somo la kwanza: Deni huandikwa papo hapo

Mama yangu ana daftari la madeni. Mteja akichukua mchele kwa mkopo, mama haendelei na mteja mwingine kabla hajaandika: jina, kitu, kiasi, tarehe. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini asiandike jioni akiwa ametulia. Akasema jioni kila mtu amekopa kidogo, na yeye ameuza kidogo.

Kila mwanafunzi wa dini anajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Inaamrisha deni liandikwe liwe dogo au kubwa, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Aya hiyo ni ya mali, na sidai kwamba ilishuka kwa ajili ya tanbihi. Lakini adabu yake inatufaa sana. Unapochukua wazo la mtu umekopa. Usipoliandika papo hapo, jioni utadhani ni lako.

Hivi ndivyo wizi wa kitaaluma unavyowapata hata watu wema. Wachache hukaa chini wakakusudia kuiba. Wengi husoma kitabu mwezi wa tatu, wakaandika maneno yake daftarini bila alama yoyote, na mwezi wa sita wakaliona daftari, mwandiko ni wao, wakahamishia kwenye tasnifu.

Kwa hiyo kila unaposoma, andika mambo matano: mwandishi ni nani, kitabu gani, chapa gani na mwaka gani, ukurasa wa ngapi, na maneno haya ni ya nani. Hili la mwisho ndilo tunalolisahau. Mimi sasa natumia herufi tatu pembeni. N ni nukuu, maneno ya mwandishi kama yalivyo, ndani ya alama za kunukuu. M ni muhtasari, wazo lake kwa maneno yangu. W ni wazo langu lililonijia nikiwa nasoma. N na M zote ni deni na zote zinahitaji rejeo. Wengi wanadhani wakibadilisha maneno mawili matatu deni limefutika. Halifutiki. Ukikopa mchele ukaupika pilau, bado mchele ni wa mwenye duka.

Kuhusu chapa, sisi wa masomo ya Kiislamu tuwe waangalifu zaidi. Nambari za hadithi hutofautiana kati ya chapa na chapa. Ukiandika "Muslim" na nambari peke yake, msomaji mwenye chapa nyingine atafungua hadithi nyingine. Taja kitabu na mlango, kisha nambari, kisha useme unatumia chapa ipi.

Somo la pili: Usifiche aliyekupa

Katika elimu ya hadithi tumesoma tadlisi. Mpokezi anaacha kumtaja mtu aliyempa hadithi, anamtaja wa juu yake kwa tamko linalomfanya msikilizaji adhani amesikia kwake moja kwa moja. Wanachuoni wa hadithi waliwafuatilia watu wa namna hiyo, wakaandika majina yao, na wengi wao hawakuikubali riwaya ya mtu huyo mpaka aseme wazi kwamba amesikia.

Ndugu yangu, tanbihi yangu ilikuwa tadlisi. Nilikuwa nimeifaulu mitihani ya mustalahi, na bado nikaifanya katika ukurasa wa pili wa utafiti wangu, bila hata kuitambua kwa jina lake. Elimu ilikuwa upande mmoja wa daftari na kazi upande wa pili.

Dawa yake ni nyepesi. Kama hukukiona kitabu, kitafute. Ukikosa kabisa, sema ukweli: mtaje mwandishi wa asili, kisha uandike "kama alivyonukuliwa na" fulani, ukurasa fulani. Hakuna aibu katika hilo. Msomaji anajua ulipofika, na kosa likitokea linajulikana liliingilia wapi. Ila usiifanye kuwa tabia. Tasnifu yenye "kama alivyonukuliwa" kila ukurasa inaonyesha mtu aliyesoma vitabu viwili tu.

Imam al-Qurtubi, aliyefariki mwaka 671 Hijria, alisema katika utangulizi wa tafsiri yake kwamba miongoni mwa baraka za elimu ni kuinasibisha kauli kwa aliyeisema. Naye al-Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria, aliandika risala nzima ya kutofautisha baina ya mtunzi wa kitabu na mwizi. Jambo hili lilikuwa letu kabla vyuo havijaliandikia kanuni.

Somo la tatu: Dai lisizidi ushahidi

Nilijiuliza kwa nini niliiamini sentensi ile haraka namna ile. Jibu halikunipendeza: niliiamini kwa sababu nilitaka iwe kweli. Nilitaka wa kwanza awe sheikh wetu. Haikunijia kutafuta kama kuna padri aliyemtangulia.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuchunguza habari inayoletwa na fasiki. Mimi nadhani habari inayotufurahisha inahitaji uchunguzi zaidi, kwa sababu hiyo hatuishuku. Na heshima ya Sheikh al-Farsy haikupungua hata kidogo kwa mimi kusema ukweli. Kinyume chake, sasa naielewa kazi yake vizuri zaidi, maana aliifanya katika uwanja ambao tayari ulikuwa na tafsiri nyingine, na tafsiri ya Kiahmadiyya aliipinga waziwazi.

Tazama sentensi tatu hizi.

Ya kwanza: "Tafsiri ya kwanza ya Qur'ani kwa Kiswahili ni ya al-Farsy." Hii si kweli.

Ya pili: "Tafsiri kamili za Qur'ani kwa Kiswahili zilitoka mwaka 1923, 1953 na 1969." Hii ni kweli, lakini haisemi kitu. Ni orodha.

Ya tatu: "Tafsiri ya al-Farsy ilitoka mwaka 1969, baada ya ile ya Dale na ile ya Kiahmadiyya, kwa hiyo maelezo yake ya pembeni yasomwe pia kama majibu kwa waliotangulia." Hii ni kweli, na ndani yake kuna dai ambalo mtu anaweza kulipinga, nami naweza kulitetea kwa kufungua kurasa.

Sentensi ya tatu ndiyo utafiti. Ukimaliza rasimu yako, itafute kwa maneno haya: "wa kwanza", "wote", "daima", "hakuna aliyewahi", "ni wazi kwamba". Kila unapolikuta mojawapo, jiulize unao ushahidi wa ukubwa huo? Kama unao wa kusema "baadhi", andika "baadhi". Na ukitaka kuandika kwamba hakuna aliyewahi kuandika juu ya mada yako, kwanza muulize mkutubi.

Somo la nne: Tasnifu si hotuba ya Ijumaa

Kasoro hii ni yetu hasa. Tumezoea hotuba na mawaidha. Khatibu anasoma aya, anafuatisha hadithi mbili, anataja kauli ya mwanachuoni, kisha anahamia nukta nyingine, na waumini wanaelewa. Wanaelewa kwa sababu wote wamekwishakubaliana naye kabla hajapanda mimbari. Msomaji wa utafiti hajakubaliana nawe. Anakusubiri umwonyeshe njia.

Katika rasimu yangu ya kwanza kulikuwa na ukurasa wenye nukuu saba na sentensi mbili zangu. Ustadhi aliandika chini: "Wamesema wote. Wewe je?" Duka lililojaa bidhaa za mkopo, hakuna hata moja ya mwenye duka, ni la nani?

Kila aya ya maandishi, na hapa nakusudia aya ya insha, iwe na hatua nne. Anza na dai lako katika sentensi moja. Leta ushahidi wake: nukuu, tarehe, mfano kutoka kwenye matini. Kisha eleza ushahidi huo unathibitishaje dai. Hapa ndipo sauti yako inaposikika, na hapa ndipo wengi wetu tunaporuka. Mwisho ifungamanishe na aya inayofuata. Hatua ya tatu iwe ndefu kuliko ya pili. Ukiona nukuu ni ndefu kuliko maelezo yako, ama ikate nukuu, ama ufikirie zaidi.

Kipimo chepesi: chukua karatasi, andika sentensi ya kwanza tu ya kila aya katika sura yako, zipange moja chini ya nyingine, uzisome. Zikifuatana kama mazungumzo ya mtu mmoja, sura yako imesimama. Zikiwa kama vichwa vya habari visivyojuana, rudi kazini.

Somo la tano: Fikiri kwa lugha unayoimiliki

Wengi wetu hapa Uganda tunaandika kwa Kiingereza au Kiarabu, na tumetoka nyumbani na Kiswahili, Kirundi, Kiganda au Kinyarwanda. Mimi nilisoma shule kwa Kifaransa, kwa hiyo Kiingereza ni lugha niliyoifuata ukubwani. Zamani niliificha hofu hiyo kwa sentensi ndefu zenye maneno makubwa niliyoyaokota kwenye makala za watu. Sentensi moja ilikuwa na mistari sita. Ustadhi aliniambia niisome kwa sauti, na nilipofika mstari wa nne nikasahau mtenda ni nani.

Siku hizi, kabla ya kila sehemu, ninaandika kwanza kwa Kiswahili sentensi moja: "Nasema kwamba hivi, kwa sababu hivi, ingawa wengine wanasema hivi." Nikishindwa kuikamilisha kwa Kiswahili, basi tatizo si Kiingereza; sijajua ninachotaka kusema. Nikiikamilisha, naiandika kwa lugha ya chuo kwa maneno mafupi. Kisha namsomea mwenzangu wa chumbani, anayesomea uhasibu. Anaponikatiza na kusema "subiri, hapo sijaelewa", naweka alama.

Katika hili liko suala la programu za akili mnemba. Sisemi usizitumie, angalia kwanza kanuni za chuo chako, na unachokitumia kitaje. Zinaweza kukusaidia kurekebisha sarufi. Lakini zimejulikana kwa jambo moja linalotuhusu sana: zinaweza kukutungia rejeo, likawa na jina la mwandishi, jina la jarida, mwaka na kurasa, na makala yenyewe haipo duniani. Ni isnadi nzuri iliyoshonwa mezani. Kama hukuifungua makala kwa macho yako, isiingie katika tasnifu yako, hata kama imepangwa vizuri namna gani.

Somo la sita: Kalamu nyekundu ni rafiki

Siku ile nilipotoka ofisini nilikuwa na hasira. Nilijiambia kuwa ustadhi ananionea, mbona wenzangu wamepitishwa. Nilikaa siku mbili bila kuligusa pendekezo. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba angeweza kuipitisha sentensi ile, nayo ingenisubiri mbele ya watahiniwa na watahini siku ya kutetea.

Imam al-Shafi'i, Mungu amrehemu, alikuwa na kauli zake za zamani za Iraq. Alipohamia Misri mwishoni mwa umri wake alizipitia upya, akaziacha nyingi na kuandika mpya, mpaka leo tunasoma kauli ya kale na kauli mpya. Kama yeye alirudia kazi yake, mimi wa mwaka wa tatu nina kiburi gani?

Nilichofanya, nawe unaweza kukifanya: chora jedwali la safu tatu. Ya kwanza, andika kila maoni ya msimamizi, hata lile dogo. Ya pili, andika ulichobadilisha na ukurasa wake. Ya tatu, kama hukubaliani, andika kwa nini, kwa adabu na kwa ushahidi. Rudisha rasimu pamoja na jedwali. Msimamizi ataona kuwa umemsikiliza, na mahali usipokubaliana mtajadili hoja, si hisia.

Nilipoirudisha sura yangu ilikuwa na tanbihi chache kuliko mwanzo. Zilikuwa thelathini na nne, zikabaki kumi na tisa, zote nimezifungua mwenyewe, isipokuwa mbili nilizosema wazi zimenukuliwa kupitia kwa wengine. Ustadhi aliipitisha siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Hakuandika sifa yoyote. Pembeni mwa sentensi ya tatu, ile ya majibu kwa waliotangulia, aliandika swali jipya: "Nionyeshe wapi." Safari hii nilikuwa na kurasa za kumwonyesha.

Zoezi la wiki hii

Chukua kazi yako ya karibuni, iwe insha au pendekezo. Chagua tanbihi tano bila kupendelea. Kwa kila moja, jiulize lile swali: umeona wapi? Nenda kifungue kitabu, ukurasa ule ule, ulinganishe na ulichoandika. Andika matokeo kwa penseli: imelingana, imepungua, imezidi, au sikuiona. Ukikuta moja imekosea, irekebishe kabla hujalala. Kisha mpe mwenzako achague tano nyingine.

Likizo iliyopita nilimsimulia mama kisa hiki. Hakusoma hata sekondari. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua daftari lake, akaniambia, "Mwanangu, mtu anayeandika madeni yake vizuri ndiye anayekopeshwa tena."

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, atuepushe na kusema tusiyoyajua, na azijaalie kalamu zetu ziwe shahidi kwetu wala zisiwe shahidi dhidi yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.